Mkokoteni wa Mansuri

Mwanaheri alimzika mama yake bila kumwona uso. Mwili ulikuwa umekaa matopeni, na wanawake waliouosha walimkataza asiingie.

Masika yale mvua ilinyesha kwenye milima ya Uluguru usiku na mchana. Maji yaliposhuka mjini yalikuta kalavati la mtaa wao limezibwa na pampasi, chupa za plastiki na matambara. Yakakosa njia, yakapanda kwenye nyumba. Mama alikuwa amepooza. Mwanaheri alikuwa ametoka kuuza vitumbua. Aliporudi, ukuta wa chumba cha mama haukuwepo, na mama alikuwa amechukuliwa na maji hadi mtoni.

Arobaini ilipopita alichukua reki, akashuka mtoni peke yake. Baadaye akafuatwa na mzee Kasiani, jirani yake, kisha Sabra, fundi cherehani, kisha wengine. Kila Jumamosi walijaza viroba na kuvipandisha barabarani. Jumamosi iliyofuata walikuta mto umejaa upya.

“Huu si uchafu wa mfuko mmoja mmoja,” alisema mzee Kasiani. “Kuna mtu anamwaga.”

Wakakubaliana kumvizia. Siku moja, baada ya swala ya alfajiri, walijibanza nyuma ya migomba. Mkokoteni ukaja, magurudumu yakilia. Mwanaheri alimtambua mwenye nao hata kabla hajageuka. Ni Mansuri, mdogo wake wa tumbo moja. Alizunguka nyumba kwa nyumba akibeba taka kwa ujira mdogo, na mtaa mzima uliamini anazipeleka dampo.

“Mansuri!”

Alishtuka, akauachia mkokoteni ukaanguka upande.

“Shikamoo, dada.”

Mwanaheri hakuitikia. “Unamwaga hapa? Hapa alipofia mama?”

Mansuri aliwatazama watu waliosimama nyuma ya dada yake. “Dampo ni mbali. Nikienda kule napata safari moja tu kwa siku, wanangu watakula nini? Hawa wote wananiita niwaondolee uchafu mlangoni. Nani aliwahi kuniuliza naupeleka wapi? Wewe uliniuliza?”

Mwanaheri hakuwahi kumuuliza hata mara moja. Kati ya taka zilizomwagika aliuona mfuko wa unga aliotilia taka zake na kuufunga kwa mikono yake jana yake.

“Mwanaheri, hili ni la familia yako,” mzee Kasiani alisema polepole. “Sema wewe.”

Mwanaheri aliuokota mfuko wake. Kisha akasema, “Mwiteni mwenyekiti.”

Mgambo walikuja wakamchukua. Mkokoteni ulizuiwa ofisi ya mtaa mpaka alipe faini, na hakuwa nayo. Alipoachiwa akaenda Dakawa kufanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga, akamwacha mkewe, Hidaya, na watoto.

Mtaa ukabaki bila mbebaji. Gari la taka lilikuja linapojisikia, na watu wakaanza kutupa mtoni wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Mzee Kasiani akaugua miguu. Wengine waliacha bila kuaga, wakabaki Mwanaheri na Sabra. Hidaya akipita juu ya kalavati aliwaona wameinama majini, akapita bila salamu.

Siku ya Idi Mwanaheri alimpigia simu mdogo wake.

“Rudi nyumbani, Mansuri. Faini tutasaidiana.”

“Sina kinyongo kuhusu faini, dada,” alisema Mansuri. “Ila mama angekuwa hai, ungenivuta pembeni kwanza.”

Upande wa pili simu ikakatwa.