Mwanaamina na Mchezo wa Kiha

Mwanaamina alipoolewa alihama Tanga, akafungua duka la vitenge mjini Kasulu. Wateja wake walizungumza Kiha, naye akaapa kukijua. Akafungua kundi la WhatsApp, akawa anawauliza wateja maana ya maneno. Wiki nzima hakujibiwa.

"Dada, huo ni mtihani," Veronica, muuza ndizi wa jirani, alimwambia. "Watu wanataka kucheka."

Mwanaamina hakufunga kundi. Kesho yake alijirekodi akisema "mwakeye", salamu ya Kiha, kwa lafudhi yake ya Tanga. Akaongeza: "Nichekeni, halafu kila mmoja amwingize kundini na kumtaja rafiki yake asiyejua Kiha, naye ajaribu."

Veronica alicheka mpaka akakaa chini. Akamtaja Asnath, muuguzi Mpare aliyepangiwa kazi Kibondo. Asnath alikosea vibaya zaidi, akamtaja mwalimu mgeni aliyefundisha Munanila. Hakuna aliyeweza kukataa, kwa kuwa aliyemtaja ni rafiki yake na anamsubiri. Wenyeji nao hawakuvumilia kusikia lugha yao ikipindwa, wakawa wanatuma sauti za kusahihisha. Mwanaamina alizirudia zote dukani huku akikunja vitenge, wapita njia wakimshangaa.

Siku moja aliingia bibi kutoka Nyakitonto asiyejua Kiswahili vizuri. Mwanaamina alimhudumia kwa Kiha mwanzo hadi mwisho. Alikosea hapa na pale, bibi akamsahihisha, naye akarudia palepale mpaka neno likakaa sawa.