Ufalme wa Sentimita Sitini na Tatu

Mzee Futi alipostaafu upimaji ardhi alirudisha ofisini kila kitu isipokuwa futi yake na tabia. Akialikwa mahali, kabla hajaketi macho yake yameshazunguka kona zote za chumba kuona kama zimenyooka. Mkewe husimulia kwamba enzi za uchumba alimwambia anampenda, naye akauliza kuanzia wapi mpaka wapi.

Jirani yake alikuwa seremala, mwimba besi wa kwaya, mtu mwenye kifua kama kabati. Huu ulikuwa mwaka wa sita hawajapeana hata salamu. Kati ya ukuta wa karakana ya seremala na uzio wa mbao wa Mzee Futi kulikuwa na kichochoro chembamba, na kila mmoja aliapa kwamba ni chake. Basi hakuna aliyekikanyaga, asije akaitwa mvamizi. Kanisani, mchungaji akiwaambia watu wapeane mikono ya amani, Mzee Futi aligeuka akaishika nguzo.

Mchungaji wao alikuwa mgeni, dada mmoja wa umri wa kitindamimba wake. Jumatano moja alasiri, kwenye darasa la Biblia, alikuwa akifundisha juu ya ufalme wa Mungu, na Mzee Futi akavumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mchungaji," alisema, "mipaka ya huo ufalme imepita wapi? Miaka thelathini na minane nimepima, sijaona hata banda la kuku lisilo na mpaka."

Mchungaji hakucheka. Alimweleza kwamba ufalme wa Mungu si eneo la kuchorwa kwenye ramani, ni Mungu mwenyewe kutawala. Popote mapenzi yake yanapotimizwa, hapo ufalme umefika. Ulianza na Yesu, ila bado haujakamilika. Habari ya kutochorwa kwenye ramani Mzee Futi aliiona ni porojo, lakini hiyo ya kuanza bila kukamilika aliielewa mara moja, maana alishapima barabara nyingi za namna hiyo.

"Yesu naye aliulizwa kama unavyoniuliza, baba," mchungaji aliendelea. "Akawaambia wasihangaike kuutafuta huku na kule, uko kati yao. Basi uko hapo, kati yako na mwenzako."

"Mwenzangu yupi?"

"Anza na wa karibu."

Darasa zima likashikwa na kikohozi. Seremala, aliyekaa benchi la nyuma, akawa anachunguza dari.

Mzee Futi alirudi nyumbani amefura. Alimwambia mkewe kwamba binti yule amemsema hadharani, na kwamba kati yake na seremala hakuna ufalme wowote, kuna wizi wa ardhi, naye atauthibitisha kwa vipimo. Asubuhi akatoa ramani ya zamani ya mtaa kutoka uvunguni mwa kitanda, akachukua futi yake, akaanza kupima kutoka kona ya mbali ya kiwanja chake. Seremala alipomwona akatoka na futi yake mwenyewe, akaanzia kona ya mbali ya kwake. Hawakusemezana. Walipima wakijongeleana, wameinama, kama watu waliodondosha sindano.

Mzee Futi alipata mita zake ishirini kamili, kama ramani ilivyompa, zikaishia kwenye uzio. Seremala akapata zake ishirini, zikaishia ukutani. Katikati kikabaki kichochoro, sentimita sitini na tatu, ambazo kwenye ramani hazikuwepo kabisa.

Walirudia. Zikabaki zile zile.

"Hii ramani aliichora nani?" seremala akauliza, na hayo ndiyo yakawa maneno yao ya kwanza kwa miaka sita.

Mzee Futi aliinamia karatasi kama mtu anayetafuta jina asilolijua. Sahihi ilikuwa yake, ya ujanani, yenye mkia mrefu wa majivuno. Angeweza kusema wino umefifia, na kwa kweli alilifikiria hilo.

"Mimi," akasema. "Nilikosea mimi. Nimekununia miaka sita kwa kosa langu. Nisamehe, fundi."

Seremala alijitahidi kujizuia, kisha besi ikafumuka kwa kicheko mpaka mabati ya karakana yakaitikia. Alipopata pumzi alikiri kwamba naye alijua kichochoro si chake. Aling'ang'ania tu ili asishindwe na mzee mwenye futi. Mzee Futi alisubiri aibu immalize. Ilimjia, lakini haikukaa, na badala yake akasikia njaa.

Hapo ndipo wakatazama chini. Kichochoro ambacho hakuna aliyekikanyaga kilikuwa na njia iliyolainika kwa nyayo, kutoka mlango wa nyuma wa seremala hadi ubao mmoja wa uzio ulioning'inia kwa msumari mmoja. Wake zao walikuwa wakipita hapo miaka yote sita, kupelekeana chumvi, dawa za watoto na habari. Walipoulizwa, mke wa Mzee Futi alijibu kwamba ugomvi ulikuwa wa wanaume, wao hawakualikwa.

Jumatano iliyofuata Mzee Futi alisimama darasani akatangaza kwamba ameupata ufalme, na upana wake anaujua. Mchungaji alimrekebisha kwa upole: ufalme si kichochoro, bali ni ule msamaha uliopita humo, na wake zao walitangulia kuingia. Mzee alikubali nusu, akasema hiyo nusu nyingine ataifikiria.

Juma hilo hilo yeye na seremala waligombana tena, kuhusu nani anayepaswa kuupigilia msumari ule ubao. Ila safari hii waligombana wamekaa, kila mmoja na kikombe cha chai mkononi, na ugomvi ulipopoa wakaomba waongezewe sukari.