Kichwa cha Kamongo

Mjomba wangu ana majaruba ya mpunga kule Mwamanyili, karibu na matete ya ziwa. Maji yakikauka baada ya mavuno, kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu, hubaki chini ya tope. Tangu nimalize chuo nilikuwa nakaa kwake nikisubiri kuitwa kwenye usaili, na asubuhi hiyo tulitoka watatu, mimi, yeye na mwanawe, tukiwa na majembe, panga na rungu. Binamu yangu huyo ni fundi cherehani. Mjomba hupenda kusema kuwa kidole gumba cha mwanawe ndicho ng'ombe wake wa maziwa.

Kwetu kamongo hapigwi kabla hajapewa mti. Unafukua tundu, akitoa kichwa unamsogezea mpini, anaung'ata na hauachii tena. Mdomo ukishapata kazi, mwingine anapiga. Nilikabidhiwa rungu.

"Msomi, hapa hatuandiki insha," binamu alisema, mpini ukimtetemeka mikononi. "Piga."

Nilikuwa nawaza rungu likiteleza kwenye ule ute litaangukia mguu wa nani. Mjomba akaninyang'anya. Pigo lake la kwanza liliturushia tope usoni, la pili likatoa jicho. Samaki alikuwa mnene kama paja langu na alijizungusha kwenye mpini mpaka ukalia. Binamu akashusha panga nyuma ya kichwa, akashusha tena na tena, hadi kiwiliwili kikakatika na kuendelea kujinyonganyonga peke yake kwenye damu.

Mpini ule ulikuwa wa jembe jipya na binamu aliutaka. Akaokota kichwa, akakizungusha mpaka mpini ukachomoka, kisha akanisogezea kichwa usoni.

"Msalimie shemeji yako. Sema mwangaluka."

Nikarudi nyuma. Mdomo wa samaki ukafunga.

Sauti aliyotoa binamu sijaisikia tena kwa mtu. Alianguka kwa magoti, kile kichwa kikining'inia kwenye kidole gumba, na alipojaribu kukikung'uta nikaona nyama ikichanika. Mjomba akamrukia, akambana kiwiko.

"Usivute. Ukivuta anabaki nacho."

"Baba, ni cha kulia," binamu alisema. "Ni cha kulia."

Palikuwa na jiwe la kunolea panga kwenye tuta. Mjomba akalaza kichwa juu yake, kidole cha mwanawe kikiwa bado mdomoni, akaukandamiza mkono kwa uzito wa mwili wake wote.

"Mpwa wangu, mimi nimemshika. Vunja taya."

Niliokota rungu. Kidole kiliingia upande wa kushoto, kwa hiyo nipige kulia. Lakini kulia kwangu au kwa samaki? Na nikipiga polepole si ndiyo nitamtesa zaidi? Nilipiga. Rungu likatua puani, taya likakaza, na binamu akatapika kwenye mapaja yake. Nikapiga tena, safari hii macho wazi, na mfupa ukavunjika chini ya mikono yangu. Mjomba alipanua mdomo ule kwa ncha ya panga, na kidole kikatoka kikiwa kimemenyeka hadi mfupani, ukucha umebaki ndani.

Tulikifunga kwa shati langu, bodaboda ikampeleka zahanati. Walimshona, wakasema mfupa ni mzima, tusubiri. Mjomba alirudi shambani akakipondaponda kile kichwa juu ya jiwe mpaka mbwa wakakosa cha kuokota. Nyama aliipika mwenyewe, kwa kuwa wanawake wa nyumba ile hawagusi kamongo, ni mwiko. Hakuna aliyekula akamaliza.

Kidonda kilipofunga, niliitwa kwenye usaili Bariadi. Sikuwa na suruali ya maana. Binamu akasema atanishonea, iwe ndiyo kazi yake ya kwanza tangu aumie. Mjomba akaja kusimama mlangoni, akajifanya anatazama barabara.

Cherehani ilianza kukimbia. Kidole gumba kilishika kitambaa na kukisukuma, na uzi ukashuka umenyooka kabisa. Nilikuwa nimeanza kupumua nilipoona doa bichi. Sindano ilikuwa imepita kwenye ncha ya kidole, na miguu ya binamu bado inakanyaga.

"Binamu," nilisema.

"Nini tena, msomi?"

Nikamwonyesha. Akatazama kwanza mshono, kama umepinda. Kisha akatazama kidole, muda mrefu, kama anatazama cha mtu mwingine. Akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikapanda, damu ikafuata. Uso wake haukukunjamana hata kidogo. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

"Ni nyeusi," alisema. "Damu haitaonekana."

Akakikunja kidole gumba ndani ya kiganja, akaanza kusukuma kitambaa kwa vidole vilivyobaki. Mguu wa kushoto wa suruali hiyo umenyooka. Wa kulia, ukiutazama kwa karibu, unakwenda upande. Niliivaa hivyo hivyo.