Kibonyeo cha Mlango wa Kushoto

Watu wa mtaani walimwita Kiganja, na jina lilimkaa kama koti la kushonewa. Miaka yote aliyonyoosha bodi za magari hakuwahi kuyaamini macho. Macho, alisema, ni mashahidi wa kununuliwa. Yapakie rangi inayong'aa, yataapa lolote. Kwa hiyo akimaliza kugonga bati aliyafumba, akapitisha kiganja polepole kama anayempapasa mtoto mwenye homa, na palipokuwa na uvimbe usiotosha hata kumkwaza sisimizi, mkono ulisimama wenyewe.

Alipostaafu gereji alibaki na gari moja tu, pikapu yake mwenyewe, kuukuu tangu siku aliyoinunua. Ilikuwa imeegeshwa miaka chini ya paa la mabati kando ya jiko, matairi hayana pumzi, kutu imekula sakafu mpaka unaona ardhi kati ya miguu. Mkewe alipita hapo kila siku akienda kuanika nguo, na kila alipopita aliweka mkono kwenye mlango wa kushoto. Kiganja alidhani anajishikiza. Macho ya mama huyo yalikuwa yanakwenda. Daktari alisema ni presha ya macho, inafunga pazia kutoka pembeni kuja kati, na likishafungwa halifunguki.

"Kwa hiyo mwishoni nitabaki naona nini?" mke aliuliza wakitoka hospitali.

"Utaniona mimi."

"Basi hasara tupu," alisema, wakacheka wote wawili.

Wiki ileile Kiganja aliifunua pikapu. Alitaka mkewe aione tena ikiwa ya bluu, kama siku aliyompakia na godoro na masufuria kumleta kwenye nyumba hii. Aione kabla pazia halijafika kati. Injini alimwachia fundi mwenzake. Yeye alikata sakafu iliyooza akachomelea nyingine. Kwa kuwa mkewe alikuwa ameanza kukosea ngazi, alimtengenezea kidato kipana karibu na ardhi, chenye mikwaruzo ya kuushika mguu, na kishikio kwenye nguzo ya mlango. Kiti kirefu cha zamani alikitoa. Akaweka kiti cha teksi iliyokufa juu ya bamba linalozunguka, ili mtu akae kwanza, kisha ageuzwe taratibu kuingia ndani.

Jirani yao mshonaji alichungulia juu ya ukuta. "Mzee, hiyo ni gari au kiti cha kinyozi?"

"Ni kiti cha malkia. Wewe shona."

"Na malkia mwenyewe ana habari?"

"Malkia anachemsha chai," sauti ilitoka jikoni, "na hampati hata mmoja msiponyamaza."

Ndipo ikafika zamu ya mlango wa kushoto. Chini ya kitasa palikuwa na kibonyeo, upana wa bakuli. Kilikuwa cha mtoto wao wa pekee, siku aliyojifunza kuendesha akaisogelea mno nguzo ya geti. Baba alifoka, akaahidi kukinyoosha Jumapili. Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Magari ya watu yalinyooka, lake likabaki vilevile. Baadaye kijana alikwenda kufanya kazi machimboni, akarudishwa ndani ya sanduku. Pikapu hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha makaburini, na tangu siku ile haikuwashwa.

Kiganja alipoufikia mlango hakufikiri. Mikono iliyozoea haiombi ruhusa. Alifungua bitana ya ndani, akakinga chuma kwa nje, akagonga kutoka ndani kidogokidogo, akapasha moto, akapoza kwa kitambaa kibichi. Akapaka puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, nyembamba kama ganda la kitunguu, akapiga msasa. Akafumba macho, akapitisha kiganja. Mkono haukusimama popote. Alijua hajawahi kufanya kazi safi kuliko ile.

Rangi ilipokauka alimshika mkewe mkono, akamleta asubuhi jua likiwa limeingia bandani.

"Bluu!" mama alisema, akacheka kama msichana. "Naiona. Pale katikati, naiona kabisa."

Moyo wa Kiganja ulijaa. Mkewe alisogea, akaweka kiganja chini ya kitasa. Mkono ukatafuta. Ukashuka, ukapanda, ukarudi palepale.

"Kiko wapi?"

"Nini?"

"Kibonyeo cha mwanangu."

Hapo ndipo alipoelewa. Miaka yote ile mkewe hakuwa anajishikiza. Alikuwa anamsalimia mtu.

"Nimekinyoosha," alisema.

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Kazi safi, baba. Haijulikani kabisa." Akarudi ndani akiufuata ukuta kwa vidole.

Hakulizungumzia tena, na hilo ndilo lililomla mumewe. Hakutaka kupelekwa popote. Nguo akaanza kuzianika upande wa pili wa nyumba. Siku moja Kiganja alichukua nyundo, akasimama mbele ya mlango. Mshonaji alichungulia, akaiona sura yake, akarudi zake bila utani.

"Weka chini," mke alisema kutoka dirishani. Siku hizi alikisikia hata kimya cha mumewe.

"Nakirudisha."

"Utarudisha chako. Chake umeshakinyoosha."

Nyundo ilishuka. Maji yakimwagika hayazoleki. Alibaki akigongagonga mlango kwa kifundo cha kidole, kama zamani alipokagua magari ya wauzaji waongo. Juu, bati lililia. Chini ya kitasa lilinyamaza. Akagonga tena.

"Bibie, njoo."

Alikikunja kidole cha mkewe, akakigongesha. "Hapo?"

"Panalia."

"Na hapa?"

Mama aligonga, akagonga tena, sikio karibu na rangi. "Hapa pameziba."

"Bati likishavutika halirudi lilivyokuwa. Sisi tunaficha tu kwa puti. Hapo ndipo alipogonga."

Mama alipapasa pale kwa kidole. Kiganja hakujua kama amesikia kweli au amemhurumia.

"Ni padogo," mama alisema.

"Ni padogo."

Mvua zilipoanza, pazia lilikuwa limefika kati, na bluu ikaenda nalo. Siku hizi, wakitoka, mama hutafuta kitasa, hushusha mkono kidogo, hugonga kwa kifundo kimoja. Hungoja, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba anayojua haina mwenyewe. Kiganja, mikono juu ya usukani, hungoja naye. Hawashi injini mpaka kiti kimegeuka na mlango umefungwa.