Kamba Iliyokwama Nyuma ya Kabati

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Hazitakimbia. Mimi shule niliionja tu, nikatolewa nikasaidie nyumbani, kwa hivyo msinitafutie makosa ya maandishi. Mkiyaona yapiteni, kama mnavyotupita sisi wazee barazani siku hizi bila salamu.

Juzi mjukuu wangu Swaleh alirudi shule na kazi ya kutengeneza ramani ya mtaa wake. Nikafurahi, nikasema leo ukumbi utachafuka. Baba yake, mwanangu Hamisi, akashika simu, akaibonyeza bonyeza, mara mtaa mzima umetokea kwenye kioo. Wakaenda dukani Makadara kuichapisha, wakarudi na karatasi inang'aa. Kazi kwisha. Nikamwuliza Swaleh, "Nyumba yetu ni ipi hapa?" Akaitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Hakuijua. Mtoto aliyezaliwa ndani yake!

Enzi za wanangu, miaka ile ya tisini, hapa hapa Mji wa Kale, masomo yalikuwa kitu cha kushikwa. Asubuhi mtaa unanukia iliki ya mahamri, watoto wanapita na sare zilizopigwa pasi ya makaa, na mifuko inalia chakacha chakacha. Ni vifuniko vya soda hivyo, na kokwa za ukwaju, vya kuhesabia. Sikufua sare hata moja bila kwanza kuikung'uta. Kugawanya walijifunza kwa mabuyu: watoto wanagawana sawasawa, na yakibaki, anakula mwalimu. Basi walijitahidi hao, yasibaki! Leo mtoto ukimwuliza nusu ya kumi anatafuta mahali pa kuchaji simu.

Rukia, binti yangu, alipofika darasa la tano alipata mwalimu mgeni. Mwalimu Kavata alikuwa msichana wa Kikamba kutoka bara, mwembamba, Mkristo mwenye adabu zake, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akawaambia watoto watajenga mtaa wao sakafuni mwa darasa, kwa maboksi ya sabuni, udongo na njiti za kiberiti. Hesabu humo humo, historia humo humo. Wapime wenyewe, waulize wenyewe nani anaishi wapi na anafanya kazi gani, kisha wazazi waje kuona. Wavulana wakapewa njia na maduka. Wasichana wakapewa nyumba za nyuma, kutoka mlango wa shule mpaka kisimani.

Rukia akaja mbio na kamba mkononi.

"Wenda wapi na kamba hiyo?" nikamwuliza.

"Kupima mtaa, mama."

"Mtoto wa kike wa darasa la tano hazunguki vichochoroni na kamba kama fundi. Iweke hapo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yangu, na sioni haya kuisema. Rukia akaiweka kamba. Wakati ule mtoto akikatazwa alinyamaza. Hakukuandikia barua ya haki zake. Lakini usiku ule hakula, na kesho yake jioni nikasikia hodi. Mwalimu Kavata.

"Mama Rukia, samahani kukusumbua. Kundi la wasichana bila Rukia limesimama. Yeye ndiye anayejua nyumba hizi."

"Karibu ndani, mwalimu, chai iko tayari. Kazi yako nzuri. Ila binti yangu barabarani, hapana."

"Je, akipima bila kupita barabarani?"

Nikacheka. Mgeni huyu hakujua alilolisema. Sisi wanawake wa mtaa huu, tangu mama zetu, tulikuwa na njia zetu za ndani. Unatoka uani kwako, unaingia jikoni kwa mwenzio, unapanda ngazi, unashukia uani kwa mwingine. Maji yakikatika kwako, ndoo inakuja kwa mlango wa nyuma. Mchele ukipungua, bakuli linapita. Mtu akijifungua, habari imefika kisimani kabla baba wa mtoto hajavaa viatu. Buibui lilikuwa la barabarani. Huku ulikwenda na leso yako tu. Nikamwambia Rukia, "Pima njia zetu." Akala sahani mbili.

Sasa sikilizeni. Nyumba iliyoelekea shule ilikuwa ya Bi Khadija, nasi tulikuwa mgongoni pake, ua kwa ua, mlango mmoja katikati. Na mlango huo ulikuwa umezibwa na kabati. Marehemu mama mkwe wangu ndiye aliyelitia, kwa sababu mbuzi wa Bi Khadija aliingia siku ya harusi akala sinia zima la asumini za bibi harusi. Zimeshatungwa tayari! Mama mkwe akaapa kuwa mlango ule hautafunguka, akasukumiza kabati, akalijaza bakuli za kauri. Kisha akafariki, Mungu amrehemu, na kabati likabaki. Mimi na Bi Khadija hatukugombana, lakini tulisalimiana kama watu wa hospitalini. Na mabomba yakikauka, ndoo yetu ilizunguka njia kuu.

Basi wasichana wakagawana. Wenzake Rukia wakapima kwa Bi Khadija, Rukia akapima kwetu. Kamba haikuwa na alama, kwa hivyo wakapima kwa dhiraa, mkono kutoka kwenye kisugudi mpaka ncha ya kidole, kama tulivyopima nguo. Kule wakatumia mkono wa Bi Khadija, mwanamke mrefu kama mlingoti. Huku Rukia akatumia wangu, na mimi ni huyu mfupi mnayenijua. Kila dhiraa wakaifanya njiti moja, na mkono mfupi huzaa njiti nyingi. Walipojenga, jiko langu likalipita la Bi Khadija kwa mbali, na fundi aliyajenga sawa.

Wavulana wakaangua vicheko. "Kwa kina Rukia ni ikulu! Wapikia jeshi?"

Mwalimu hakumpiga mtu wala hakubomoa kitu. Akauliza tu, "Mkono wa nani ndio wa haki?" Watoto wakanyoosha mikono yao, wakailinganisha. Rukia aliniambia hapo ndipo alipoelewa mita ni ya nini: si ya kitabuni, ni mkono mmoja usiokuwa wa mtu. Mwalimu akakata kamba ndefu, akaitia fundo kila mita, akasema kamba hii hii ipite nyumba zote, moja kwa moja, kutoka shule mpaka kisimani, ili wajue nyumba hizi mbili zinakutana wapi.

Alasiri ile nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia sauti za watoto nyuma ya ukuta, kwa Bi Khadija. Mara Rukia akasimama mbele yangu, machozi yamemjaa.

"Yuwalia nini huyu?" akauliza mume wangu, baba yao, ametoka bandarini, hata viatu hajavua.

"Kamba yetu imekwama nyuma ya kabati," akasema Rukia. "Wazazi waja kesho. Mtaa wetu umekatika katikati. Wavulana wasema tusimame pembeni."

Baba yao akakuna kichwa. "Kabati lile alilitia mama. Nani alitoe?"

Nikamtazama. Mtu anayenyanyua mizigo ya meli kwa kreni anaogopa bakuli. Nikatazama ncha ya kamba ikichungulia chini ya kabati, fundo moja, imesukumwa na vidole vya watoto upande wa pili. Mama mkwe nilimheshimu akiwa hai, na nilimwosha alipofariki. Lakini hakuna mahali aliposema mjukuu wake asimame pembeni kwa ajili ya asumini.

"Hamisi," nikasema, "toa bakuli. Moja moja. Ukivunja utakula kwa mkono mtupu."

Hamisi wakati ule alikuwa mtoto tu, mdogo wa Rukia, mbavu tupu. Akatoa bakuli zote, kisha akaegemeza mgongo na baba yake, wakasukuma. Kabati lililia kama punda. Komeo likakwaruza, mlango ukafunguka, vumbi likatuingia puani, na upande wa pili amesimama Bi Khadija na leso mkononi, watoto wamemzunguka.

"Kumbe mu hai humu," akasema.

"Tu hai. Mbuzi je?"

"Tulimla zamani. Nyama yake ilinukia asumini."

Tukacheka hata tukashikana mabega. Watoto hawakutungoja, walishapita baina ya miguu yetu na kamba yao, wakihesabu mafundo kwa sauti.

Siku ya wazazi nilisimama darasani na buibui langu, nikaona mtaa wangu sakafuni. Huku njia za wavulana, maduka, fundi seremala, muuza kahawa. Na ndani ya maboksi, mstari wa uzi mwekundu ukipita jikoni mwetu sote. Mzee mmoja mwenye duka akainama, akauliza, "Kumbe wake zetu hupita huku?" Wanawake wakatengeneza buibui zao kama hawajasikia. Baina ya nyumba yangu na ya Bi Khadija, Rukia alitia mlango, kipande cha boksi la kiberiti kinachofunguka na kufungika. Mwalimu Kavata akamwambia akifungue. Akakifungua.

Wakati huo ulikuwa mtamu, wanangu, ingawa maji yalikatika na pesa zilikuwa haba. Tulijua tunaishi na nani. Leo Rukia anakaa ghorofani, mtaa wa Tudor. Nikamwuliza jirani yake anaitwa nani, akaniambia ni mwanamke wa mlango wa rangi ya buluu. Bi Khadija ametangulia mbele ya haki. Nyumba yake imejaa wapangaji, na mtoto anatengeneza ramani bila kuinuka kitini.

Na jana Hamisi, huyo huyo aliyesukuma kabati kwa mbavu zake, kanishushia matofali uani na mfuko wa saruji.

"Nataka kuuziba mlango ule, mama. Kuna wezi siku hizi. Na wale wapangaji hatuwajui."

"Ukishajenga ukuta ndipo utawajua?"

Akacheka kidogo, akakuna kichwa kama baba yake. Swaleh alikuwa pale, na karatasi yake inayong'aa. Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku, nikatoa kamba ile; Rukia aliniachia, na mafundo yake yamekaza mpaka leo. Nikampa mjukuu wangu ncha moja. Kisha nikasema kwa sauti, nyumba nzima isikie:

"Hamisi, matofali hayo yapandishe darini yakangoje kazi nyingine. Mlango wa uani usizibwe, usiegemezwe kabati. Na wewe Swaleh, piga hodi kwa wapangaji, salimia vizuri, kisha upime."