Tulihamishia booking za maturubai kwenye cloud, msiba wetu ukalowa

Wakuu, najua mtanishikamoo, kwa hiyo natanguliza marahaba. Shule niliishia darasa la tatu, mtanivumilia mwandiko. Ila uongo sina, haya yamenikuta mwenyewe hapa Rugu.

Kikundi chetu cha akina mama kinakodisha maturubai, viti na masufuria.

Mwaka jana mwenyekiti wetu Devotha akarudi kutoka semina Kayanga na wazo: booking zote ziende kwenye cloud. Eti hata mtu wa mbali kule Kyerwa ataona kwa simu yake turubai lipo au halipo. Hatutagongana tena, wateja watajaa.

Kweli tulikuwa tunagongana, turubai moja wateja wawili. Tukapiga makofi, tukajiwekea na sheria: stoo haifunguliwi mpaka simu ionyeshe kijani.

Wateja walikuja, sikatai. Wachache.

Sasa juzi shemeji yangu Laurenti akafariki. Mvua inamwagika, mkewe, dada yangu Adela, na waombolezaji wamejibana chini ya migomba. Nikakimbilia kwa Editha, mtunza funguo.

"Ma Editha, fungua. Laurenti ametutoka."

Akalia kwanza. Kisha akatazama simu. "Nyekundu, Ma Paskazia. Kuna harusi ya Kyerwa."

"Tangu lini msiba ukapanga foleni?"

"Sheria tulipitisha wote. Wewe ulinyoosha mikono yote miwili!"

Wakuu, nilitamani kufuli liwe kichwa chake, nilivunje.

Kubadilisha ni Devotha tu, ndiye mwenye password, naye siku hiyo alikuwa Mwanza, hapatikani.

Huku kwetu mfiwa alikuwa hata haombi. Vitu vinabebwa, harusi inajipanga upya. Kila mtu anajua, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kuliambia hilo dude.

Tukapanda kilima kutafuta netiweki, vikongwe wawili, tunainua simu kama tunaanika nguo. Ikashika. Nikampigia mwenye harusi, Mzee Feliciani, nimejiandaa kwa matusi.

Nikatukanwa kweli.

"Mama, mna maiti ndani halafu mnaniomba mimi ruhusa? Bebeni! Mnatuonaje watu wa Kyerwa?"

Editha akafungua stoo, nyekundu hivyo hivyo. Turubai likafika Adela ameshalowa chapachapa. Akaniuliza neno moja tu: "Ulikuwa wapi?"

Nimwambie nilikuwa nasubiri rangi ya kijani?

Fundisho langu: cloud siikatai, lakini kabla ya kuikabidhi stoo, iambieni kwanza mambo ambayo kwenu hayaombewi ruhusa. Na password asiijue mtu mmoja peke yake.

Wataalamu, msiba unaandikwaje humo? Nishaurini. Ila atakayesema "zima uwashe" apite kimya, Devotha keshaniambia.