Tawi la Benki Lililotupeleka Busia

Grisi na chuma kilichopigwa jua: hiyo ndiyo harufu ya safari yetu kutoka Arua. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa nyuma ya lori siku mbili, mgongo wangu umeegemea sefu ya benki. Tukavuka Nile pale Pakwach, tukapita Kampala, tukafika Busia, ambako baba alipewa ukarani katika tawi jipya. Ulikuwa mji wangu wa nne. Baba aliahidi kwamba hapo tutakaa, nami nilipoona sefu ile ikijengewa ukutani kwa saruji, nikamwamini.

Mwezi mzima sikuwa na wa kuzungumza naye. Watoto wa mtaa walisema Kisamia, lugha ambayo sikuijua. Wakiniona waliniita "mtoto wa benki", kisha wakaendelea na mchezo wao. Ni siku za soko tu mji uliponisogelea. Wakulima wa Bulumbi, nje ya mji, walivua viatu mlangoni kabla ya kuingia, kwa kuwa sakafu yetu iling'aa kuliko ya kanisa. Baba aliwasihi wasivue.

"Karani, wewe nafanya kazi yako," mzee mmoja alimjibu. "Matope yangu naacha nje."

Veranda ikajaa kandambili na viatu vya matairi, na hapo ndipo nilipompata Wandera, mwana wa mzee yule. Tulivaa viatu vya watu, tukaigiza mwendo wa wenyewe mpaka mbavu zikatuuma.

"Watu ya benki nakuja, nakwenda," aliniambia siku moja. "Wewe pia utakwenda."

"Baba amesema tunakaa."

"Haya. Tutaona."

Hatukufikisha miaka miwili. Asubuhi moja karatasi ilibandikwa mlangoni: tawi limefungwa, wateja waende Tororo. Baba yake Wandera aliisoma polepole, kisha akamuuliza baba, "Wewe ulijua?" Baba alijua tangu mwezi uliopita. Hata mimi hakuniambia.

Leo benki nzima imo ndani ya simu yangu, na mji wowote nikiuchoka nahama bila kumuaga karani yeyote. Nimeishi katika miji kumi na mmoja. Nikiulizwa kwetu ni wapi, ulimi hutaja Busia kabla sijafikiri, lakini sijawahi kurudi.

Siku ile tuliyoondoka Busia, Wandera alikuja mapema, akasaidia kupakia magodoro.

"Unarudi lini?" aliniuliza mwishowe.

"Jumatatu," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akageuka akaenda zake, na dereva alikuwa bado hajawasha gari.